Kwa Mujibu wa Hoyle

Ofisini kwetu ugonjwa wa "according to" uliletwa na barua. Mkuu alikuwa ametoka kwenye semina ya uandishi wa taarifa, na mkubwa akitoka semina lazima wa chini waone moto. Barua ikabandikwa ubaoni: kuanzia leo, taarifa yoyote ya Kiingereza isiseme jambo bila kutaja nani kalisema. Chini yake akaweka mfano mmoja tu, na mfano wenyewe ulianza na "according to". Angetuwekea hata miwili yenye sura tofauti, labda tungepona.

Wiki haikuisha kila karatasi iliyofika mezani kwangu ilianza namna moja. Kazi yangu ni kuziunganisha taarifa za vitengo na kuzinyoosha Kiingereza, kwa hiyo nilizipata zote zikiwa bado mbichi. Mhasibu aliandika "According to the safe, there is no cash." Mama wa masjala, ambaye kwa kawaida haandiki neno bila kulipima, alidai kwamba kwa mujibu wa kabati, faili halionekani. Lakini aliyefunga kazi ni dereva. Kwenye kitabu cha safari, pale penye sababu za kuchelewa, aliandika kwa herufi zilizonyooka kabisa: "According to puncture."

Nikamfuata uwanjani. Alikuwa amechuchumaa anafungasha jeki.

"Kaka, hapa ungeandika 'because of'. Pancha haijasema kitu."

"Kwani Kiswahili chake si kulingana na pancha?"

"Ni kutokana na pancha."

"Mbona redioni wanasema kulingana na mvua zinazoendelea kunyesha, barabara haipitiki?"

Nikakosa la kusema, kwa sababu ni kweli wanasema. Siku hizi "kulingana na" imebebeshwa mzigo wa "kutokana na", na mtu akiuvusha mzigo huo hadi kwenye Kiingereza ndipo mvua inapogeuka msemaji wa serikali. Nilitaka kumweleza hayo yote. Akanitazama, akatazama tairi, nikaona somo linaweza kusubiri.

Naibu Mkuu alikuwa na ugonjwa wa peke yake. Yeye ana miwani ya kusomea na miwani ya kutazamia watu, na haamini kama kuna chanzo kinachomzidi. Ripoti yake ya mafunzo ilifungwa hivi: "According to me, the training was successful, and I agree." Nilimwendea kwa adabu zote. Nikamweleza kwamba maneno hayo hutumika kumtaja mtu mwingine, au kitabu, au tangazo. Mawazo yako mwenyewe Mwingereza huyatanguliza kwa "I think" au "in my opinion".

"Kwa hiyo mimi si mtu?" akauliza.

Nikarudi mezani kwangu.

Basi tulikuwa katika hali hiyo ndipo ikaingia barua pepe ya mshauri wa wafadhili, mzee wa Kiingereza ambaye tulikuwa tumewasiliana naye kwa maandishi tu. Anakuja kusikiliza uwasilishaji wa taarifa ya mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu. Aliuliza habari za ukumbi, akauliza kama projekta inafanya kazi, kisha akamalizia kwa kusema ana imani kwamba kila kitu kitafanyika "according to Hoyle".

Mkuu aliisoma kwa sauti kikaoni. Alipofika kwenye Hoyle akapunguza mwendo, akairudia. Ukumbi mzima ukainamia karatasi zake. Mnajua kile kimya cha kikao pale jina lisilojulikana linapotajwa: kila mtu anajifanya anatafuta ukurasa.

Naibu akavua miwani ya kutazamia watu.

"Hoyle tunamfahamu," akasema. "Tumemsoma chuo."

"Toleo gani?" Mkuu akauliza. Naye hakutaka kuonekana mgeni.

"La pili ndilo zuri."

Wakaafikiana kwamba la pili ndilo zuri. Mimi nikakabidhiwa kazi ya kumtafuta Hoyle na kuhakikisha anaonekana ndani ya taarifa kuanzia utangulizi hadi hitimisho.

Niliingia intaneti. Hoyle aliyejitokeza mbele alikuwa Sir Fred Hoyle, Mwingereza, mtaalamu wa nyota, aliyezaliwa 1915 na kufariki 2001. Huyu ndiye aliyelitamka jina "Big Bang" kwenye redio ya BBC mwaka 1949, akiielezea nadharia ya mlipuko ulioanzisha ulimwengu, nadharia ambayo yeye mwenyewe hakuikubali. Mtu mkubwa sana. Ila kuhusu majalada, hati na kabati za chuma sikuona alipogusa.

Nikachapa ukurasa ule nikampelekea Naibu. Nikamwambia naona huyu siye, na kwamba maneno ya mshauri yananusa kama msemo tu, kwa hiyo afadhali tumwandikie mistari miwili tumuulize. Naibu alikuwa ameshaona 1949 na akili yake ilishatua hapo.

"Ndiye huyuhuyu."

"Naibu, huyu ni mtu wa nyota."

"Mtu aliyezijua nyota, faili litamshinda nini?"

"Basi walau tumuulize mshauri..."

"Tumuulize ili ajue hatujui?"

Akaichukua taarifa akaenda nayo nyumbani. Iliporudi asubuhi, marehemu Sir Fred alikuwa ameshakuwa mtumishi mwenzetu. "According to Hoyle (1949), files must be kept in a dry place." Ukurasa wa pili, Hoyle (1949) anawataka washiriki wasaini mahudhurio asubuhi na mchana. Mbele kidogo anashauri ufunguo wa masjala ubaki kwa mtu mmoja. Na kwenye hitimisho walikutana uso kwa uso: "According to Hoyle (1949) and according to me."

Kuwasilisha nikapangiwa mimi. Naibu alisema koo linamwasha. Ni koo hilohilo ambalo saa moja kabla lilimfokea mlinzi wa getini tukamsikia ghorofa ya juu.

Mshauri alikuwa mzee mrefu, mpole, kalamu ya risasi mkononi na nakala yake ya taarifa mapajani. Nikaanza. Nilipofika kwenye mahali pakavu, nyusi zake zikapanda. Kwenye mahudhurio ya asubuhi na mchana akatabasamu. Kwenye ufunguo akatoa leso akaiweka mdomoni, na mabega yakaanza kutikisika.

Nyuma yangu nikamsikia Naibu akimnong'oneza Mkuu: "Umeona? Ameguswa."

Nikaendelea kusoma. Ukishakuwa mbele ya watu na slaidi inamulika, huna pa kukimbilia, unasoma kilichopo. Mzee akanyosha kalamu juu, taratibu.

"Samahani. Huyu Hoyle wa 1949 ni Hoyle yupi?"

Nikageuka kumtazama Naibu. Naibu alikuwa anatazama dari.

"Sir Fred," nikasema.

"Wa nyota?"

"Wa nyota."

Mzee yule alicheka. Sikuwa nimewahi kumwona mgeni rasmi akicheka kiasi kile. Alivua miwani, akafuta macho, akaomba radhi, akajaribu kusema, akacheka tena. Mkuu naye akacheka kidogo ili asiachwe nyuma, bila kujua anacheka nini.

Alipotulia akatueleza. Hoyle wake alikuwa Edmond Hoyle, mtu wa karne ya 18, aliyekuwa akifundisha watu wa London mchezo wa karata uitwao whist. Mwaka 1742 akatoa kijitabu cha mchezo huo, na kikasambaa hivi kwamba wachezaji wakigombana mezani, mwamuzi alikuwa ni kijitabu. Kanuni inasema hivi, basi, yamekwisha. Hapo ndipo "according to Hoyle" ikatoka kwenye karata ikaingia kwenye mazungumzo ya kila siku, kwa maana ya kufanya jambo sawasawa, kwa kufuata taratibu. Yeye alichotaka kutuambia ni kwamba tuandae mkutano vizuri. Viti, maji, projekta.

"Karata?" Mkuu akauliza.

"Karata."

Mkuu akanyamaza. Mlangoni mwa ukumbi ule, nyuma kabisa ya kichwa cha mshauri, kuna tangazo lenye sahihi ya Mkuu na mhuri, linalokataza kucheza karata saa za kazi. Katibu wa kikao akaninyooshea kalamu kwa ishara: hili naliandika au naliacha?

Mzee aliona tumenywea, akataka kutuliwaza. Akasema tusijali, kwa sababu Hoyle hata huko kwao ana kesi nyingi za kusingiziwa. Alikufa 1769, lakini vitabu vya karata viliendelea kutoka kwa jina lake, vikiwa na michezo ambayo hakuwahi kuiona. Na mwaka 1979, Wamarekani walipoanzisha orodha yao ya mashujaa wa poka, Hoyle akawa miongoni mwa waliotangulia kuingizwa, wakati siku anakufa mchezo wa poka ulikuwa bado haujabuniwa.

"Kwa hiyo faili kukaa pakavu ni kosa dogo," akasema.

Hapo akawa mwalimu. Mambo mawili aliyoyasema niliyaandika pembeni mwa nakala yangu. Kwanza, "according to" ina kazi mbili. Ukiwa na mtu au maandishi mbele yake, unataja nani kasema. Ukiwa na mpango, kanuni au ukubwa, humtaji mtu. Unasema jambo limefuata nini, kama vitabu vilivyopangwa rafuni kwa kufuata ukubwa wake. Hoyle amekaa katikati, ni mtu ambaye amegeuka kanuni, ndiyo maana anawachanganya wengi. Mama wa masjala akatikisa kichwa kuonyesha kwamba yeye alihisi tangu mwanzo. Hakuhisi.

La pili alilisema akiwa amefungua ukurasa wa hitimisho, kidole kikiwa kwenye mstari wa Naibu. Alisema sikio la Mwingereza likisikia "according to" fulani, mara nyingi linasikia na mlango mdogo wa nyuma ukifunguliwa: kasema yeye, mimi simo, ikija kuonekana ni uongo mkamateni yeye. Polisi hutumia hivyo, magazeti hutumia hivyo, mume anayemwelezea mkewe kwa rafiki zake hutumia hivyo. Ukiliweka mbele ya daktari au kitabu halina ubaya, ila na huko wasomaji makini wanajua kwamba hujathibitisha, umenukuu.

"Sasa wewe bwana," akamwambia Naibu kwa upole, "umeandika 'according to me'. Ulitaka kutokea mlango wa nyuma uende wapi?"

Naibu alifikiria swali lile kwa dhati.

"Sikuwa na safari," akajibu.

Baadaye mzee alipitia viambatisho. Alipofika kwenye kitabu cha safari alisimama kwa muda, akakizungushia duara kitu kwa ile kalamu ya risasi. Nilichungulia. Ilikuwa pancha. Pembeni aliandika, kwa Kiingereza, kwamba hiki ndicho chanzo pekee katika taarifa nzima kilichokuwepo kwenye tukio. Dereva alipoambiwa alidai nakala ya ukurasa ule, na sasa iko ndani ya gari, juu ya kioo cha mbele.

Mambo yangeishia hapo kama mzee asingeongeza la kuagia. Akiwa anafunga mkoba alisema kwamba baba yake hakuwa akimtaja Hoyle. Yeye alikuwa akisema "according to Cocker". Edward Cocker alikuwa mwalimu wa mwandiko na hesabu huko London. Kitabu chake cha hesabu kilitoka 1678, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki, kikachapwa tena na tena kwa miaka mingi, hadi jina lake likawa ndiyo hesabu isiyo na dosari. Akacheka, akaongeza kwamba wapo wasomi waliodai kitabu chenyewe kilighushiwa, hakukiandika Cocker hata kidogo. Sote tukacheka naye, isipokuwa mhasibu. Mhasibu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, alikuwa amefungua daftari.

Naibu alinirudishia taarifa jioni ileile. "Toa Hoyle wote," akasema, na koo lilikuwa limepona. Nikawatoa mmoja mmoja. Sentensi zilibaki zimesimama zenyewe bila kutikisika: faili likae pakavu, washiriki wasaini, ufunguo uwe kwa mtu mmoja. Zilikuwa hazimhitaji mtu wa nyota wala wa karata. "According to me" nayo ikaondoka, ingawa Naibu aliomba libaki walau "and I agree".

Robo ya mwaka ilipokwisha, mhasibu akaniletea taarifa ya fedha niinyooshe Kiingereza. Aliisimamia pembeni ya meza, jambo ambalo si kawaida yake. Mstari wa kwanza ulisema: "According to Cocker (1678), all balances are correct."

"Kaka," nikamwambia, "huyu Cocker amekufa zamani. Vitabu vyetu hajaviona."

"Najua."

"Na yule mzee alisema hata kitabu chake kinatiliwa shaka."

"Nilisikia vizuri sana," mhasibu akasema, akishusha sauti na kutazama mlangoni. "Wakaguzi wakija na maswali, wakamtafute yeye."