Kabla ya rangi, tafuta injini yake

Mzee aliyenifundisha kazi hii ya kufufua magari ya zamani hahitaji tochi kukagua gari. Anajilaza chini ya Land Rover na bisibisi kubwa mkononi, anagonga chasisi kuanzia mbele kwenda nyuma, anasikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kilicholiwa na kutu kinatoa mlio mzito, kama umegonga boga. Siku tuliyokwenda Karatu kuiona Land Rover 109 moja, ile ndefu, alipofika kwenye boriti ya nyuma alinyamaza, akasukuma bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Kumbe palikuwa na tundu, na mtu alilifunika kwa bati la debe, akalipaka lami, juu yake rangi nyeusi.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mzee."

"Haya, sasa ndiyo tuzungumze bei."

Tangu tamasha la Land Rover lilipofanyika hapa Arusha Oktoba 2024, haipiti wiki bila kijana kunipigia simu. Anataka kununua Land Rover chakavu, ainyooshe bodi, apige rangi, aweke tairi kubwa, auze. Ni biashara nzuri na mimi naipenda kwa moyo wote, ndiyo maana inaniuma kuona jinsi tunavyoiharibu. Tunatumia fedha nyingi pale jicho linapofika, na tunatupa kile hasa ambacho mnunuzi wa gari la zamani anakilipia.

Bodi ya Land Rover inadanganya. Gari hili lilipoanza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu, kwa hiyo milango na mabawa yanaweza kukaa miaka hamsini yakiwa yamebonyea tu hapa na pale. Lakini chasisi ni chuma. Ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu yenyewe inaanza kuliwa, inageuka unga mweupe. Ukiinua kapeti la mbele ukaona ardhi, usishangae. Magari ya Tanga na Dar es Salaam yanaliwa na chumvi. Ya huku kwetu yanabeba tope ndani ya chasisi. Linakauka, mvua ikija linalowa, na chuma kinaozea ndani kwa ndani bila dalili nje.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni chini, na ni kazi isiyopigwa picha. Kwenye 109 ile ya Karatu tulikata boriti yote ya nyuma, tukakata na mikono minne inayobeba bodi, tukachomelea chuma kipya cha unene uleule. Puti haikugusa chasisi.

Lakini chasisi ni uaminifu wa kawaida tu. Thamani ya 109 ile ilikuwa mahali pengine.

Tulipoinunua ilikuwa na injini ya Toyota 3L, dizeli. Sina neno baya kwa aliyeifunga. Miaka ya 80 na 90, spea za Rover zilipokuwa haba, mafundi wetu waliyaokoa magari haya kwa injini za Toyota na Nissan, na bila wao mengi yangeishia kwa wauza skrepa. Gari la kubeba mahindi linatakiwa litembee, basi. Ila mtu anayetafuta Land Rover Series III haitafuti kwa ajili ya kubeba mahindi. Anataka ile iliyotoka kiwandani, na injini ile ya petroli ya lita 2.25 inayonguruma taratibu, ambayo ukiwa na mpini wake unaweza kuiwasha kwa mkono.

Nikachukua kadi ya gari. Namba ya injini iliyoandikwa pale haikuwa ya Toyota. Mabadiliko hayakuwahi kuandikishwa. Nikamuuliza mwenye gari, mama mtu mzima, mjane: "Mama, injini ya kwanza ilikwenda wapi?" Akafikiri kidogo, akaniambia marehemu mume wake hakuwa mtu wa kutupa kitu. Tukazunguka nyuma ya banda la kuku. Ilikuwepo, juu ya matofali mawili, imefungwa turubai lililochanika, kabureta lake likiwa ndani ya ndoo ya rangi pamoja na boliti zote. Mzee akafuta mafuta yaliyoganda, akatamka namba moja baada ya nyingine huku mimi nikifuata kwenye kadi. Zikalingana hadi ya mwisho. Yule mama aliona machozi yananilenga, nadhani alidhani ni vumbi la kuku.

Nilimlipa shilingi 400,000 kwa injini ile, mbali na bei ya gari, ingawa alikuwa tayari kunipa bure. Nilijua inakwenda kuniingizia fedha, na yeye hakujua. Ukimficha mwenye mali jambo kama hilo umemwibia.

Haya, hesabu, maana wengi ndiyo wanayoisubiri. Gari milioni 7. Injini hiyo laki nne. Chasisi na kuchomelea milioni 3.8. Kuifungua injini na kuijenga upya milioni 4.2. Spea zilizoagizwa Uingereza milioni 2.6. Bodi na rangi milioni 1.8, tairi tano milioni 1.5. Jumla milioni 21.3. Niliuza milioni 27. Katika hiyo milioni 5.7 iliyobaki nilimpa mzee milioni moja na nusu juu ya ujira wake, kwa sababu sikio lake ndilo lililonifanya ninunue kwa bei sahihi. Nikabaki na milioni 4.2 kwa kazi ya miezi 11. Kwa mwezi haifiki hata laki nne. Anayekuambia biashara hii inatajirisha kwa haraka, mwombe akuonyeshe risiti.

Faida yenyewe, hiyo ndogo, ilitoka wapi? Haikutoka kwenye rangi. Mnunuzi ni daktari wa Moshi aliyekua akipanda 109 ya hospitali ya misheni. Alikuja na miwani ya kusomea. Alipiga magoti mbele upande wa kulia, karibu na springi, akasugua kidogo na kitambaa mpaka namba ya chasisi ikasomeka. Kisha injini. Kisha akaomba kadi. Rangi aliitazama mwisho, akasema tu ni nzuri. Kabla yake walikuja wawili waliotaka kunipa milioni 19 na 20 wakidhani ni gari la Toyota lenye sura ya Rover, kama mengine.

Hata kiwanda kimelielewa hili. Kilifunga mstari wa Defender, mrithi wa magari haya, kule Solihull, Uingereza, Januari 2016, na mwaka huohuo kikatangaza kuzifufua Land Rover 25 za Series I, toleo la kwanza, kuzirudisha zilivyokuwa na kuziuza. Na soko linazidi kupanuka: Marekani gari likitimiza miaka 25 linaingia bila kubanwa na masharti ya usalama ya magari mapya, na Uingereza likitimiza 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo magari ya zamani yaliyopo kule hayaongezeki. Yanapungua, na kila injini tunayoiuza kwa kilo inayapunguza zaidi.

Kuna uharibifu mwingine unaonikera zaidi ya kutu, nao ni kulitungia gari historia. Nimewahi kuonyeshwa Peugeot 404 yenye namba za mbio milangoni. Dalali alinihakikishia kwamba ilikimbia Safari Rally enzi za Bert Shankland, dereva wa Tanzania aliyeshinda mwaka 1966 na tena 1967 kwa 404. Kadi ilionyesha usajili wa kwanza ni wa 1973. Na gari lenyewe lilikuwa zuri mno! Lilikuwa na mmiliki mmoja, mwalimu, vioo vyote vya asili, kitabu cha matengenezo kimejazwa kwa kalamu ya wino. Historia ya kweli ilikuwa ndani ya droo, ya uongo imebandikwa mlangoni. Aliyelinunua akija kugundua, hataamini tena hata kile kitabu cha mwalimu.

Kwa hiyo vijana wangu, mkinunua, ombeni kadi kabla ya kuuliza bei. Ulizeni kilichotolewa kilikwenda wapi. Mkilazimika kubadili kitu, kihifadhini kile cha zamani na mkiandike. Injini ile ya Toyota nayo sikuitupa; daktari alipewa kila kitu kwenye karatasi: ilifungwa, ikatolewa, ikauzwa kwa mwenye Hilux wa mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha.

Wiki iliyopita tulikwenda Monduli kuona Land Rover 88, ile fupi. Mzee alijilaza chini akagonga, chasisi ikalia vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, sijawahi kusikia mlio kama ule. Injini ni ya Nissan. Mwenye gari anasema ya Rover aliiuza skrepa miaka miwili iliyopita, kwa kilo. Nimemwambia bei yangu ni milioni 4, na kwamba ingekuwepo ningempa 7. Bado anafikiri, na mimi nimeanza kupita kwa wauza skrepa wa pale mjini, mmoja mmoja, nikiwa na namba ya injini kwenye karatasi.