Fanon tunayemsoma nusu

Frantz Fanon, mwanafikra aliyepinga ukoloni na kuunga mkono mapinduzi ya Algeria, akitajwa, mazungumzo huishia kwenye bunduki. Kilichomponza ni sura ya kwanza ya kitabu chake cha 1961, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Viumbe Waliolaaniwa. Humo anasema mabavu humsafisha mtawaliwa, humtoa unyonge na kumrudishia heshima. Mwanafalsafa Hannah Arendt alimjibu kwamba undugu unaozaliwa katika mapigano haudumu, na hoja hiyo ina uzito.

Ila wanaomwita mhubiri wa damu wamefunga kitabu mapema. Sura inayoelekea mwisho imeandikwa na daktari. Kuanzia 1953 Fanon alitibu wagonjwa wa akili katika hospitali ya Blida, Algeria. Vita vya uhuru dhidi ya Wafaransa vilipoanza, walimjia walioteswa, na watesaji wao pia. Polisi mmoja Mzungu alikuwa akisikia mayowe ya watu aliowatesa usiku hata nyumbani kwake. Alifunga madirisha katikati ya joto, akaziba masikio kwa pamba. Siku moja alimfuata Fanon kwa matibabu, na akiwa anamsubiri akatembeatembea kwenye viwanja vya hospitali. Fanon alimkuta ameegemea mti, jasho likimtiririka. Alikuwa amekutana uso kwa uso na Mwalgeria mgonjwa ambaye yeye polisi aliwahi kumhoji kambini. Mwalgeria huyo naye hakuonekana wodini. Alikutwa chooni akijaribu kujiua, akiamini polisi amekuja kumrudisha kule kule.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi. Mkaguzi mmoja wa polisi alimpiga mkewe na watoto, hata mchanga wa miezi 20, kisha akamwomba daktari amsaidie kuendelea kutesa watu bila dhamiri kumsumbua. Mtu aliyeyaandika haya hawezi kuwa aliona vita kama tamasha. Alikuwa anaonyesha kwamba utawala wa kiboko humwingia hata anayekishika, ukamfuata hadi kwenye meza ya chakula.

Hata hivyo kuna doa ambalo sisi tunaompenda hatupaswi kulifunika. Desemba 1957 Abane Ramdane, kiongozi wa mapinduzi aliyekuwa karibu na Fanon, alinyongwa Morocco na wenzake wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria. Miezi kadhaa baadaye gazeti lao, El Moudjahid, lilitangaza kwamba ameuawa vitani. Fanon alikuwa mwandishi wa gazeti hilo hilo, na hadharani hakusema neno.

Ndiyo maana naisoma sura yake ya tatu kwa makini zaidi. Humo anawaonya mabwanyenye wazalendo watakaoingia kwenye viatu vya mkoloni, chama kitakachogeuka ngazi ya vyeo, na kiongozi atakayewalaza watu kwa hadithi za kupigania uhuru. Aliyaandika haya bendera nyingi za Afrika zikiwa mpya kabisa, nyingine hazijapandishwa. Saratani ya damu ilimuua tarehe 6 Desemba 1961, akiwa na miaka 36. Tanganyika ilipata uhuru siku tatu baadaye.