Shangazi hayumo kwenye video

Wanaosifu enzi za mikanda ya video ya VHS wananichosha. Eti maediita wa zamani wa video za harusi walikuwa mafundi, sisi wa leo tunabofya tu.

Kuediti kwa mikanda kulikuwa kwa mfululizo. Deki moja inacheza mkanda wa kamera, nyingine inarekodi mkanda mpya, kipande baada ya kipande, kuanzia bibi harusi akipakwa hina mpaka anapotolewa. Kazi imefika saa ya pili, mara mama mtu anaingia: "Mwanangu, mbona shangazi yake simwoni?" Hapo ama urudie kurekodi yote yaliyofuata, ama umrekodi shangazi juu ya picha zilizopo: aingie yeye, atoke mjomba. Ukitaka kukwepa yote mawili, unaunakili mkanda uliokwisha kwenye mkanda mwingine huku ukimchomeka shangazi katikati, na kila nakala ilikuwa inafifisha picha. Ndiyo maana video za wakati ule ni ndefu vile. Kukata ilikuwa gharama; sidhani kama kuna aliyependa kutuonyesha msururu mzima wa magari toka Chumbageni, hapa Tanga.

(Wakataji wa filamu za sinema walikuwa wanachomeka kipande katikati kwa mkasi na gundi tangu zamani. Balaa hili lilikuwa la mkanda wa video.)

Kwenye kompyuta picha zinakaa kwenye diski, na programu inakumbuka tu kila kipande kianzie wapi na kiishie wapi. Video asili haiguswi. Shangazi anaingia, wengine wanasogea. Mashine ya kwanza ya namna hiyo, CMX 600, ilitoka Marekani mwaka 1971, picha nyeusi na nyeupe, bei kama dola 250,000. Leo kijana wa Makorora anafanya hayo kwa simu.

Kwa hiyo sirudi kwenye deki hata kwa dawa. Kinachoniudhi ni bei. Enzi za mkanda mteja alijua kwamba kubadili ni kuanza upya, akafikiri kabla ya kusema. Sasa anatuma sauti WhatsApp saa tano usiku: mtoe yule, mrudishe huyu, wimbo ubadilishwe. Anaona ni kubofya tu, hakuna cha kulipia. Haoni kwamba vipande vyote vilipangwa kufuata mapigo ya ile taarabu, na kwamba ukiubadili wimbo unavipanga vyote upya, kisha kompyuta inaitoa video nzima tena huku unaomba umeme usikatike.

Mimi nasema familia ilete orodha ya ndugu wa lazima kabla sijagusa kitu. Marekebisho ya kwanza yamo ndani ya bei, ya pili yanalipiwa, na hayo yaandikwe siku ya kupokea advansi. Wenzangu wa Ngamiani wananiambia mteja atahamia kwa jirani. Atahama, najua, na ndiyo maana huyo jirani ndiye ninayetaka kukaa naye kwanza tupange bei moja.