Mafuta na maji yafundishwe kati ya vioo viwili

Lile onyesho la gilasi ya maji yenye mafuta ya nazi juu yake limeshachosha. Mwanafunzi hutoka darasani na jambo moja tu: mafuta huelea. Mpe mafuta ya makonyo, yaani ya vikonyo vya karafuu, kutoka Wawi, Pemba, na hata hilo linaanguka, maana kemikali iitwayo yujinoli, ambayo ndiyo sehemu yake kubwa, ina takriban gramu 1.06 kwa mililita, zaidi ya maji, na mafuta hayo huzama. Gilasi inafundisha uzito. Mpaka wenyewe, pale mafuta yanapogusana na maji, hauonekani ukifanya lolote, kwa sababu mvutano wa dunia umeulaza bapa.

Kwa maoni yangu skuli zetu zivibane vimiminika hivi kwenye pengo la nusu milimita. Mhandisi Mwingereza Hele-Shaw alitumia vioo vya namna hii mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1958 wanasayansi Saffman na Taylor wakaeleza kwa nini kimiminika chepesi kikisukuma kizito mpaka huvunjika vidole vidole, yaani vichomozo virefu. Hakuna cha kuagiza nje.

Tafuta vioo viwili vya dirisha, sentimita 30 kwa 30, unene milimita 5. Vya milimita 3 vikatae. Vikibanwa kingoni hupinda, na pengo la katikati halilingani tena na la pembeni. Fundi wa vioo atoboe kimoja katikati. Kwenye pembe nne bandika selotepu tabaka juu ya tabaka hadi nusu milimita, upime kwa mikromita (kifaa cha kupimia unene), si kwa jicho. Laza vioo, bana, ingiza tunduni mililita 20 za mafuta ya nazi kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Asubuhi za kipupwe yapashe moto kidogo kwanza, kwani chini ya nyuzi 24 hivi huanza kuganda.

Sasa sukuma maji ya rangi kupitia tundu hilohilo, mililita 10 kwa sekunde 10. Mnato wa mafuta, yaani ugumu wake wa kutiririka, unazidi wa maji mara 40 au zaidi, kwa hiyo popote maji yanapotangulia kidogo, upinzani mbele yake umepungua nayo huzidi kutangulia. Mvutano wa mpaka, ile nguvu inayoubana uso kati ya mafuta na maji, unapinga, ukilainisha vichomozo vyembamba. Mshindano huo ndio unaopanga upana wa kidole: sentimita 3 kutoka tunduni ni kama milimita 9. Punguza kasi mara nne, upana huongezeka mara mbili. Hapo mwanafunzi ana kitu cha kupima kwa rula na kuchorea grafu!

Kuna la ndani zaidi, na walimu wengi hulipita. Vidole haviyafagii mafuta yote. Huacha utando kwenye kioo, unene wake sehemu chache za mia za milimita. Kioo safi hupenda maji, hivyo baada ya muda utando huo hutoboka na kujikusanya vitone. Ukiona madoa madogo ndani ya kidole, usidhani jaribio limeharibika.

Linaloharibu kweli ni sabuni iliyobaki kwenye kioo. Hushusha mvutano wa mpaka, vidole vikawa vyembamba kuliko hesabu. Suuza mara kadhaa. Vidole vyote vikikimbilia upande mmoja, selotepu ya upande huo imezidi tabaka: upinzani hupungua kwa mraba wa pengo, na tofauti ya asilimia 10 tu yatosha kupotosha umbo zima.