Kale kaherufi G ndo kalibadilisha kila kitu

Kila wakitangaza mtandao mpya wa simu maneno ni yaleyale, mara kumi zaidi, mara mia zaidi, filamu nzima inashuka kabla hujamaliza kukohoa, na sisi watumiaji tunaingia mzimamzima. Mi sina ugomvi na spidi, nani anaichukia, ila kuna dai langu ambalo kila nikilitoa kwenye mabishano watu wananicheka: hatua kubwa kuliko zote kwenye historia ya data za simu sio 5G, sio 4G, wala sio hiyo 3G iliyopigiwa ngoma miaka ile. Ni GPRS. Ile iliyokuwa inaweka kaherufi G pale juu ya kioo, enzi za simu za batani, picha moja inashuka mstari kwa mstari, unaona nywele, unasubiri, unaona paji la uso, unasubiri, ukikaribia kidevu mtandao umekata.

Najua inavyosikika. Turudi nyuma kidogo.

GSM, yaani ile tuliyokuja kuiita 2G, ilizinduliwa Finland tarehe 1 Julai 1991, na simu ya kwanza aliipiga Harri Holkeri ambaye miezi michache kabla alikuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Mtandao ule ulijengwa kwa ajili ya kuongea, basi. Wanachukua kipande cha masafa cha kilohezi 200, wanakigawa kwa zamu nane, kila anayepiga simu anapewa zamu yake na inabaki yake mpaka akate. Kwa kuongea huo ni mpango mzuri sana. (Meseji zenyewe zilijibanza kwenye njia ambayo simu na mnara hutumia kupeana taarifa zao, ndo maana tuliishia na herufi 160 na tukazoea kufupisha maneno mpaka leo hatujaacha.)

Sasa walipotaka kupitisha data wakafanya kitu ambacho kila mtu angefanya kwanza, wakaichukulia data kama maongezi. Simu yako inapiga namba, inapewa zamu moja, na hapo unapata kilobiti 9.6 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe (baiti moja ni biti nane), picha ya megabaiti moja ni kama dakika 14. Lakini spidi haikuwa tatizo kubwa hata kidogo, tatizo ni kwamba zamu ilikuwa yako hata ukiwa huifanyii kitu. Umefungua ukurasa, unausoma taratibu, hakuna hata biti moja inayopita hewani, na bado umeishikilia nafasi ambayo mwenzako angeitumia, na dakika zinahesabiwa. Ni kukodi basi zima, ukakaa siti ya dirishani peke yako, basi limezimwa, dereva anaangalia saa. Ndo maana WAP ilivyokuja mwishoni mwa miaka ya tisini ikitangazwa kama intaneti mkononi watu waliijaribu mara mbili tatu wakaachana nayo, maana ulikuwa unasoma huku roho inadunda.

GPRS, iliyoanza kuingia mitandaoni mwaka 2000, ikaja na swali tofauti kabisa: kwani lazima mtu amiliki njia? Kata data vipande vidogo, pakiti, kila kimoja kiandikwe kinakwenda wapi, kipite pakiwa na nafasi, kisha njia iachwe kwa mwingine. Ukiwa unasoma hutumii chochote, kwa hiyo mtandao unaweza kukulipisha kwa ulichopakua badala ya dakika ulizokaa. Kwa waliojenga mitandao haikuwa kazi ndogo, ilibidi nyuma ya minara ileile waweke mitambo mingine mipya kabisa ya kubeba pakiti, pembeni ya ile ya maongezi, yaani simu yako ikawa inaishi kwenye mitandao miwili kwa wakati mmoja. Spidi ilipanda pia, kilobiti 30 au 40 siku ikiwa nzuri, lakini kilichobadilika hasa ni kwamba simu sasa inaweza kukaa hewani siku nzima bila wewe kupiga namba yoyote. Hebu fikiria kuchati kwa namna tunavyochati leo, ujumbe unaingia wenyewe, bila hilo. Haiwezekani. Unaweza ukawa na spidi ya ajabu halafu kila ujumbe mpaka simu ipige namba kwanza, nani angetumia?

Na ushahidi wangu ninaoupenda kuliko wote ni Japani. Februari 1999 kampuni ya simu ya huko, NTT DoCoMo, walianzisha i-mode, huduma yao ya intaneti kwenye simu, na i-mode ilianza kwa spidi gani? Kilobiti 9.6. Ileile! Ileile iliyotushinda kwenye WAP. Tofauti ni kwamba yao ilikuwa ya pakiti, simu iko hewani muda wote, unalipia ulichopakua, na ndani ya kama miaka mitatu walikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 30. Sawa, kulikuwa na sababu nyingine, kurasa zao zilikuwa rahisi kutengeneza na wenye huduma walikuwa wanapata pesa kweli, lakini ukiniambia spidi ndo inayoleta watu kwenye intaneti mi nitakuuliza i-mode ilikuwa na spidi gani.

Baada ya hapo, kwa maoni yangu, sehemu kubwa ni kupanua barabara iliyokwisha kuchongwa. Sidharau, upanuzi wenyewe umejaa akili nyingi. EDGE, ile herufi E, ilichukua minara ileile na masafa yaleyale ikabadilisha tu namna mawimbi yanavyobeba biti, kila mdundo ukawa unabeba biti tatu badala ya moja. Karibu mara tatu ya spidi bila kununua masafa mapya hata kidogo. Na iPhone ya kwanza mwaka 2007 ilikuja na EDGE bila 3G, watu wakalalamika weee, wakapanga foleni wakanunua.

3G hapo ndo kichekesho kilipo. Mwaka 2000 Uingereza iliuza leseni za masafa yake kwa zaidi ya pauni bilioni 22, Ujerumani zikafika kama euro bilioni 50, hiyo ni ruhusa tu, mnara hata mmoja haujasimama. DoCoMo wakawasha ya kwanza ya kibiashara Oktoba 2001. Ahadi kubwa ilikuwa kupigiana simu za video, na watu wakaitazama, wakaipongeza, wakarudi kwenye meseji. Spidi ya kilobiti 384 ilikuwa nzuri ukilinganisha na G, ila haikuwa ile iliyohubiriwa. Iliyotimiza ahadi ni nyongeza iliyokuja kimyakimya kuanzia 2005 na 2006, HSDPA, ile H, ambayo haikupewa namba kamili ya kizazi, wengine waliiita 3.5G tu. Walichofanya ni kuhamisha maamuzi, zamani mtambo wa mbali huko nyuma ndo unapanga nani apewe data, sasa mnara wenyewe unapanga, kila baada ya milisekunde 2 unaangalia nani mawimbi yake yako vizuri sasa hivi unampa yeye, na pakiti ikiharibika njiani mnara unairudia hapohapo bila kuomba ruhusa. Tukaanza kusikia megabiti 3.6, 7.2, 14.4. Mi nakumbuka siku simu yangu ilipoonyesha H mara ya kwanza, nilifungua video nikaweka simu pembeni kwa mazoea ili ijipakie kwanza, nashtuka inaongea yenyewe.

4G nitaipa heshima yake kwa jambo moja, nalo sio spidi. Ilivyowashwa Stockholm na Oslo Desemba 2009 ilikuwa haina kabisa ile njia ya zamani ya maongezi, kila kitu ni pakiti. Yaani lile wazo la G limemeza nyumba nzima. Matokeo yake kwa miaka kadhaa ukipigiwa simu ilibidi simu yako ishuke 3G au 2G ndo uongee, ile unaona 4G inapotea ghafla unafikiri mtandao mbovu, kumbe imeenda kuazima sauti kwa wazee wake, mpaka maongezi nayo yalivyofungashwa kwenye pakiti kupitia VoLTE. Na hata hilo jina 4G lina mambo yake, kipimo kamili cha shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, kilitaka gigabiti 1 kwa mtu aliyetulia sehemu moja, mitandao ya mwanzo haikuwa hata karibu, lakini Desemba 2010 ITU wakasema basi, na hizi nazo zinaweza kuitwa 4G. Jina likashinda kipimo.

5G ilianza kuuzwa Korea Kusini na Marekani Aprili 2019, na mwanzoni sehemu nyingi ilikuwa redio mpya ya pale mnarani iliyofungwa kwenye kiini cha 4G, yaani mitambo ileile ya nyuma. Ile spidi ya kutisha ya kwenye matangazo inatoka kwenye masafa ya juu sana ambayo ukuta tu yanashindwa kupita, wakati mwingine hata mkono wako unayazuia. Na hapa niseme kitu kinachoniudhi, herufi za pale juu zinakwambia simu yako imeunganishwa na mnara wa aina gani, hazikwambii mnara huo mnagawana wangapi wala nyuma yake kuna bomba nene kiasi gani la kuelekea intaneti. Nimeshakaa na 5G, vipau vimejaa, kaduara kanazunguka tu, nikashusha simu mwenyewe kwenda 4G ukurasa ukafunguka.

Ila nikirudi kwenye dai langu, wanaonicheka huwa nawauliza kati ya 2G na 3G upi ulizimwa kwanza Ujerumani. Wote wanasema 2G, si ndo ya kizamani. Hapana, kampuni zote tatu pale zilizima 3G ndani ya mwaka 2021, ile ya mabilioni, masafa yake wakapewa wadogo zake, na 2G ikaachwa inafanya kazi, maana mita, mashine za kadi na magari yanayojipigia simu ya dharura yakipata ajali bado yalikuwa yanaitegemea. Mita inatuma tarakimu chache kwa siku, inanyamaza, haishikilii njia ya mtu. Kwa kazi hiyo kilobiti 40 ni nyingi mno.