Kabla ya kumlaumu dume, hesabuni mbavu za jike

Kuna mwandishi anayesema ng'ombe majike hawashiki mimba kwa sababu madume wamechoka. Dume apimwe, sawa, lakini mimi ningeanza na mbavu za jike, yaani kuangalia amekonda kiasi gani. Ng'ombe wa nyama hubeba mimba siku 283 hivi. Ukitaka ndama kila mwaka, inabidi ashike tena ndani ya siku 80 na ushee baada ya kuzaa, huku ananyonyesha. Malisho yakipungua, mwili hujihudumia kwanza, kisha maziwa. Joto, yaani hamu ya kupandwa, huja mwisho kabisa. Ndiyo maana ng'ombe wa aina ya Boran anayezaa kiangazi kikali, mbavu zote nje, hukaa miezi bila kumtaka dume. Kwa kipimo cha unene cha 1 (amekonda sana) hadi 9 (mnene mno), azae akiwa 5 au 6. Mashudu nilikuwa nawapa baada ya kuzaa, yakaishia kwenye maziwa (ndama walinenepa, sikatai!). Siku hizi naanza miezi mitatu kabla. Msiwajaze kupita kiasi pia, jike mnene mno huzaa kwa shida. Na mtamba mwenye uzao wa kwanza mtengeni: bado anakua, na wakubwa humsukuma horini.