Mtoeni mama nje kwanza

Juzi kwenye grupu la ukoo ulitangazwa mchango wa shangazi. Anaumwa kiuno na mapaja, akisimama mpaka ashike ukuta, na kuna mtu kawaambia watoto wake kwamba mifupa imechoka, anatakiwa kunywa vitamini D ya kutoka nje. Chupa moja, bei yake unapata mbuzi mnadani. Damu hajapimwa, na aliyemshauri ndiye huyo huyo anayeuza. Nimechukia. Nikaona niandike, maana najua si ukoo wetu peke yake.

Jamani, tuko Dodoma. Mvua zikishakata, jua linatuwakia miezi na miezi, hata Julai upepo wa baridi ukivuma mchana jua lipo. Vitamini D mwili unaitengeneza wenyewe ngozi ikipigwa na jua, ini na figo zinamalizia kazi, na ndiyo inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu, yale madini ya mifupa, kutoka kwenye chakula. Ikipungua sana mwili unaichota kalsiamu kwenye mifupa, na misuli ya mapaja inalegea. Ulaya ya kaskazini wana miezi ya baridi ambayo jua liko chini mno kuifanya kazi hiyo. Sisi mwezi wa namna hiyo hatuna. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa hapa Tanzania, wanaoishi maisha yao ya asili, ukakuta vitamini D yao ni wastani wa nanomoli 115 (kipimo cha maabara) kwa lita ya damu. Wataalamu wengi wanasema 50 inatosha mifupa.

Sasa shangazi imekuwaje akapungukiwa, kama kweli amepungukiwa?

Kule Mpwapwa alikuwa akiamka anafagia uwanja, anaanika karanga, anakwenda shamba, mchana anakaa kwenye kigoda anapukuchua huku jua likimpiga mgongoni. Tukamleta mjini kwa upendo. Nyumba ina geti, ina marumaru, ina mapazia mazito kwa sababu ya vumbi. Televisheni inawashwa asubuhi mpaka usiku. Akinyanyuka kuosha kikombe, mkwe anamkimbilia: "Mama, kaa, pumzika, umefanya kazi sana maishani." Akisogelea geti: "Mama, utagongwa na bodaboda." Majirani hawajui, wa kumsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, hayupo. Chai kwenye kochi, chakula kwenye kochi, dawa kwenye kochi. Nenda Ilazo, nenda Nkuhungu, nenda Kisasa, ingia nyumba ambayo mama kaletwa kutoka kijijini, mara nyingi utamkuta hivyo hivyo, miguu imevimba kwa kukaa. Na kumsogeza dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo kinapitisha mwanga lakini ile miale inayotengeneza vitamini D kinaizuia. Ngozi ya mtu wa miaka sabini na kitu inaitengeneza kwa shida kuliko ya kijana, na weusi wetu unataka muda zaidi juani. Aliyehitaji jua kuliko wote mle ndani ndiye tuliyemfungia. Mfupa nao hukaa imara kwa kubeba uzito wa mwili. Mtu asipotembea, mifupa na misuli vinapungua pamoja. Tumemnyang'anya jua na mwendo kwa mara moja, halafu tunachangishana kumnunulia chupa. Hili linaniuma sana.

Jua lenyewe si lile la saa moja asubuhi ambalo wengi wanalisifia. Wakati huo miale inayotakiwa bado ni michache. Tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, kuanzia saa nne hivi, hapo kazi inafanyika. Nusu saa inamfaa, mikono na miguu wazi, mtandio kichwani, maji karibu, akichoka anaingia kivulini. Mwenye ualbino hapana. Huyo jua linamdhuru, na kwake kidonge ni haki yake.

Na nikubali, ingawa sipendi, kwamba vidonge vina watu wake. Mwaka 1992 zilitoka habari za wanawake zaidi ya 3,000 kwenye nyumba za kutunzia wazee Ufaransa, wastani wa miaka 84: waliopewa yuniti 800 za vitamini D pamoja na kalsiamu kila siku walivunjika nyonga kwa uchache kuliko wenzao. Kwa mzee asiyetoka kitandani, sawa, daktari amwandikie. Lakini Marekani walifuatilia watu zaidi ya 25,000, na majibu ya 2022 yakaonyesha kwamba yuniti 2,000 kila siku hazikupunguza kuvunjika mifupa kwa watu wazima waliokuwa na afya ya kawaida. Australia wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka walianguka zaidi na kuvunjika zaidi. Kwa hiyo anayekwambia ongeza dozi, haina madhara, anakudanganya.

Halafu nyonga ya mzee mara nyingi huvunjika kwa kuanguka. Kuanguka hatukuongelei. Usiku anakwenda chooni, taa imezimwa kubana umeme, marumaru yana maji, ndala zimelika soli, jicho lina mtoto wa jicho. Nimesindikiza wazee kliniki, wanapimwa presha na sukari vizuri tu, lakini sijasikia mtu akiuliza, "Bibi, mwaka huu umewahi kuanguka?" Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti. Mchango wetu ungetosha bomba la kushikilia pale chooni, taa, viatu vyenye soli nzuri, na nauli ya kwenda kwa daktari wa macho.

Chakula chenye kalsiamu nacho kipo: maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, uji wa ulezi.

Jambo jingine, fungueni mfuko wa dawa wa mama mwangalie. Wazee wengi wanaoumwa viungo wanauziwa deksamethasoni au prednisoloni dukani bila cheti, kwa sababu zinatuliza maumivu haraka. Zikitumika miezi na miezi zinadhoofisha mifupa. Mkizikuta msimkatishe ghafla, ni hatari. Mpelekeni kwa daktari na mfuko wote, azipunguze yeye.